Somo la Chai ya Yasmini
Theodosia alikuwa amepika miaka tisa kwa mzungu wa pamba pale Ifakara. Asubuhi ile memsabu, mke wa mzungu huyo, alimpiga kofi mbele ya dobi na kumfukuza kazi, kwa kijiko ambacho hakukiiba. Hata hivyo, kabla hajaondoka, alitakiwa aeleze chai ya yasmini inavyotengenezwa, maana Jumapili kulikuwa na wageni.

Shavu bado lilimwaka. Siku zote alichuma vitumba vya yasmini alasiri, vikiwa havina umande, akavichanganya na majani ya chai vifunguke humo usiku, kisha alfajiri akavitoa vyote visije vikaozesha chai.

“Maua unachuma lini?” memsabu aliuliza, kalamu mkononi.

“Asubuhi, memsabu, yakiwa na umande.”

“Na kuyatoa?”

Theodosia alikaza kanga yake kiunoni.

“Hayatolewi. Funika kopo, usilifungue mpaka wageni waketi.”