Mtungi wa Aliyechanja

Mtungi wa oksijeni uliobaki katika wodi ya Korona ulikuwa mmoja, na muuguzi Evelina alikuwa ameukumbatia katikati ya vitanda viwili, hajui auelekeze upande gani.

Kushoto alilala Bi Sihaba, mshonaji wa Nyakato, kadi yake ya chanjo ikiwa imebanwa kwenye faili. Kulia alilala Mzee Masalu, mkulima wa pamba wa Bujora. Faili lake halikuwa na kadi.

"Aliyechanja kwanza," alisema Daktari Khalidi akipita. "Hawa wengine si walituambia tutageuka mazombi? Basi wasubiri."

Evelina hakuipenda kauli ile, lakini hakuona haki nyingine ya kushika. Kabla ya kuhamishiwa wodini alikuwa ametoa chanjo miezi miwili kwenye zahanati ndogo, njia ya Kisesa. Aliwakumbuka waliomcheka na waliomkimbia. Hata hivyo, aliinama.

"Shikamoo, babu. Ulichanja?"

"Marahaba, mayu, mama yangu." Kifua cha mzee kilikwaruza. "Nilikuja. Kwa miguu."

"Sikuulizi ulivyofika hospitali, babu. Chanjo, ulipata?"

"Sikupata." Alijaribu kutabasamu. "Barakoa inakuficha, lakini sauti naijua. Unaongea kama mwalimu wa darasa la kwanza."

"Homa hiyo inakuchezea, babu. Tulia."

Akausukuma mtungi kushoto.

Kufikia saa nane mchana, Bi Sihaba alikuwa ameomba uji. Mzee Masalu alikuwa amefunikwa shuka. Madirisha ya upande wa ziwa yalikuwa wazi, hewa tele ikiingia bure. Evelina aliendelea kupima joto, kubadilisha dripu, kuandika. Na kila alipomwinamia mgonjwa mwingine aliisikia ile pumzi ikikwaruza nyuma yake, kutoka kitanda kilichokwisha kunyamaza. Hakugeuka. Alijiambia kwamba mzee alichagua mwenyewe.

Ilimpasa kuzikusanya nguo za mzee kwa ajili ya ndugu zake. Katika mfuko wa shati alikuta karatasi ya daftari, imekunjwa kwa uangalifu kama cheti. Ilikuwa na tarehe mbili, wiki moja kati yake, na chini ya kila tarehe maneno yale yale:

"Watu hawajatimia watano, kichupa cha chanjo hakifunguliwi. Babu arudi Jumatatu."

Mwandiko ulikuwa wa Evelina.