Wiki Bila Mechi

Hakuwa na cheti cha ukocha chenye muhuri wa maana. Hakuwa na gari, hakuwa na msaidizi, hakuwa na goti la kulia la kutegemea, na baada ya misimu kumi na mmoja hakuwa na kombe hata moja la kuweka juu ya kabati. Asubuhi hiyo, aliposukuma mlango wa ofisi ya klabu bila kubisha, hakuwa na subira pia.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

Katibu wa klabu, kaka wa mkewe, ndiye aliyemsomea kwa simu barua ambayo bado ilikuwa kwenye kompyuta ikisubiri kuchapwa: "Mwalimu, kuhusu timu: kamati imeona ipumzishwe kuanzia leo. Tunakushukuru kwa kazi kubwa uliyoifanya."

Timu ilikuwa imeongoza ligi. Zawadi yake ilikuwa kuruka raundi ya kwanza ya mtoano, yaani wiki nzima bila mechi. Mwenyekiti alitaka wachezaji waende makwao wakalale. Mwalimu alitaka wakimbie kila asubuhi, na Jumamosi wapate mechi ya kirafiki ya kuumizana kidogo.

Mwenyekiti alieleza kwa upole kwamba mwaka jana hawakupumzika, na mabeki wawili wakaingia kwenye mtoano wakichechemea. Mwalimu akamkumbusha mwaka juzi, walipopumzika vizuri sana, wakarudi na vitambi, wakafungwa mabao matatu kabla jasho halijawatoka.

"Mguu ukipoa umepoa," alisema, akipiga meza. "Huwezi kuuomba radhi siku ya mechi."

"Punguza sauti, shemeji," katibu alinong'ona.

"Wewe chapa barua. Mpira waachie waliovunjwa magoti."

Mhazini akatikisa kichwa kukubali. Mjumbe wa vifaa naye akasema kuwa, kwa kweli, mwalimu ana hoja. Lakini mwalimu alikuwa ameshapanda, na hasira yake haikujua kushuka. Alimgeukia mwenyekiti, ambaye nusu ya mji ililala kwenye bidhaa za duka lake.

"Nakuelewa, bosi. Muuza magodoro lazima apende watu walale."

Mhazini alicheka mpaka akavua miwani. Hata katibu aliziba mdomo kwa kiganja. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alinyoosha tai, kisha akasema kwamba amesikia. Wachezaji hawatapumzika hata siku moja, na timu ya kucheza nayo Jumamosi ataitafuta yeye mwenyewe.

"Na hiyo barua?"

"Itabadilishwa."

"Leo. Nataka niishike mkononi. Maneno ya mdomo ya ofisi hii nayajua."

"Leo hii, mwalimu. Utaletewa uwanjani."

Mwalimu alitoka bila kuaga. Kabla hajafika barabarani alikuwa ameshampigia nahodha, akamwambia awakusanye wenzake wote, na atakayechelewa atazunguka uwanja mpaka amsahau mama yake. Kisha akapiga mluzi, jambo ambalo hakuwa amelifanya msimu mzima.

Ofisini, katibu alivuta kibodi karibu, akauliza kama aiandike barua upya.

"Ya nini kujichosha?" alisema mwenyekiti. "Mwalimu kashinda, timu isipumzike. Kwenye neno 'ipumzishwe', toa 'i' ya mwanzo, weka 'u'. Mengine yote yaache yalivyo."

Katibu alimtazama mhazini. Mhazini alikuwa bado anafuta miwani, na hakuinua uso.

Katibu akabonyeza herufi moja. Akachapa, akakunja karatasi, akalamba bahasha na kuifunga, na tarishi akapanda baiskeli kuiwahisha uwanjani.