Saizi Kumi na Sita

Gauni la kijani lilikuwa limetoweka tena. Nzisa alipekua kabati lote, akainama hadi chini ya kitanda. Halikuwepo.

"Nililipeleka kwa dobi," alisema Muindi, mume wake, bila kumtazama.

Kwa dobi! Tangu waoane, mwanamume huyu hakuwahi kufua hata soksi zake mwenyewe.

Ilianza na sketi nyeusi. Ilipotea siku kadhaa, kisha ikarudi kuning'inia mahali pake kana kwamba haikwenda popote. Nzisa aliinusa akitafuta manukato ya mwanamke. Ilinukia pasi ya makaa. Akaivaa, ikamkaa kama kawaida. Baadaye ikapotea blauzi, nayo ikarudi. Kulikuwa na mtu anayeazimwa nguo zake, na aliyekuwa akimwazima analala na Nzisa kitanda kimoja.

Na kabati hilo halikuwa la mchezo. Nzisa alilijenga kwa miaka mingi, mitumba tupu: nguo chache za kitambaa kigumu, kila moja kamera, kama wauzaji wanavyoziita zile bora zinazochaguliwa robota likifunguliwa. Nguo mpya za madukani alizidharau. Unafua mara tatu, ya nne unapangusia meza. "Hii itatuzika sote," alipenda kusema akiupigapiga mshono wa gauni la kijani. Saizi yake ilikuwa kumi na sita tangu arusi. Haikupanda, haikushuka. Nguo zilimwambia hivyo kila asubuhi.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwa mengi. Muindi alianza kupokea simu nje, kwenye ngazi. Akakitoa kioo kirefu cha chumbani, eti fremu imeoza, na hakikurudi. Mwezi wa tatu, tumbo lilipomsumbua Nzisa hata akawa hamalizi sahani, Muindi ndiye aliyekwenda kumchukulia majibu hospitalini. Alirudi jioni, macho mekundu kama mtu aliyekunywa.

"Ni vidonda vya tumbo tu," alisema.

Siku nzima kwa ajili ya vidonda vya tumbo? Nzisa aliliweka hilo moyoni.

Jumamosi asubuhi alishuka sokoni Kangemi. Kutoka nyumbani kwao, mtaa wa Mountain View, si mbali, ila jua lilikuwa kali, ikabidi apumzike njiani. Waringa, muuzaji wake wa siku zote, alikuwa amemwekea blauzi ya kitani. Akaitoa chini ya meza, akamtazama Nzisa juu hadi chini, kisha akaikunja haraka haraka. Lebo Nzisa alikuwa ameshaiona: kumi na mbili.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya kastoma mwingine, mama."

"Si umesema umeniwekea?"

"Nilichanganya." Waringa, ambaye kwa kawaida hubishana hadi shilingi kumi ya mwisho, alimfungia skafu shingoni. "Chukua hii, ni zawadi. Mzee anakutunza lakini?"

Huruma ile ilimchoma Nzisa kuliko tusi. Hivyo ndivyo watu wanavyomtazama mke anayechezewa. Kumbe soko zima linamjua huyo mwanamke wa saizi kumi na mbili!

Alirudi nyumbani na kumkuta Muindi akitoka, mfuko mkononi. Ukosi wa koti la kahawia, koti la Nzisa, ulichungulia juu.

"Naenda tao kidogo. Wewe pumzika," Muindi alisema.

Siku za mwizi ni arobaini. Nzisa alimfuata hadi River Road, katikati ya jiji, akajibanza nyuma ya ndoo za rangi mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Muindi alipanda ngazi za jengo la mkabala, akashuka mikono mitupu. Alipopotelea kwenye umati, Nzisa akapanda, akishikilia reli.

Juu hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja aliyeitwa Njuguna. Koti la kahawia lilikuwa mezani. Gauni la kijani lilikuwa ukutani, kiuno kimepunguzwa pande zote mbili hata likawa la kisichana.

"Hii dresi ni ya nani?"

"Ya bibi ya Mzee Muindi. Ndio nimemaliza. Sasa ameleta na koti."

"Bibi yake." Nzisa aliligeukia gauni. "Unamjua?"

"Sijawahi muona. Mzee ndio hukuja." Njuguna akatabasamu. "Lakini anampenda, wacha tu! Hataki nikate kitambaa hata kidogo. Ananiambia, fundi, wacha nafasi hapo ndani, mama atanenepa."

Atanenepa. Nzisa akashika ukingo wa meza. Kwa hivyo ana mimba. Zile nguo za kuazima zilikuwa zikimpwaya bibi huyo mwembamba, ndipo zikaletwa kwa fundi, na tumbo likikua zitafunguliwa tena. Nguo alizozitafuta yeye, robota kwa robota!

"Nipe," alisema.

"Mama, hiyo ina mwenyewe..."

Alilinyakua gauni, akaingia nyuma ya pazia. Hakutaka kulipasua kwa mikono. Angelivaa, na mwili wake wa saizi kumi na sita ungefumua kila mshono, Muindi aje achukue matambara ampelekee huyo wake. Akajaza hewa kifuani, akalipitisha kichwani kwa nguvu zote.

Lilishuka lenyewe hadi magotini. Zipu ikapanda bila kukwama. Nzisa akasimama akingoja limbane. Kisha akaingiza ngumi nzima kati ya gauni na kiuno chake, na bado nafasi ikabaki.