Sharti la Mshauri

"Mwambie baba yake aache kuangalia saa," mama alisema.

"Mwambie mama yake, saa ni yangu," baba akajibu.

Mshauri hakumwambia mtu. Alikuwa ameketi mbele yao kwenye kiti kifupi cha watoto, magoti yanakaribia kidevu, akijiuliza ni lini aligeuka kuwa posta. Alisomea kutibu nyoyo za watoto. Badala yake, kila Jumanne alikuwa akisafirisha chuki kutoka pembe moja ya sofa hadi pembe ya pili.

Mtoto mwenyewe alikaa katikati, miguu haifiki chini, ametulia tuli. Nyumbani walimwita Kasuku, kwa sababu zamani alikuwa haishiwi maneno. Aliongea na paka, aliongea na mswaki, akilala aliongea na ndoto. Tangu baba alipohamisha nguo zake, Kasuku hakutoa neno. Si nyumbani, si shuleni, si hata kwa bibi yake aliyemdekeza. Madaktari walimpima masikio, koo na kichwa, wakasema mtoto ni mzima, mpelekeni kwa mshauri.

Mshauri alimpokea kwa moyo mkunjufu, na kwa sharti lake. Pale kliniki kila mtu alilijua: yeye hapokei mtoto mpaka wazazi wote wawili waje na wakae kwenye sofa moja, saa nzima. Mmoja akikosa, hakuna kikao. "Mtoto haumwi peke yake," alipenda kusema, na sentensi hiyo aliionea fahari kuliko cheti chake.

Sasa alikuwa amemaliza yote aliyofundishwa. Alileta vikaragosi, mchanga, rangi, udongo wa kufinyanga. Alimwimbia nyimbo akiacha neno la mwisho ili Kasuku amalizie. Kasuku alitabasamu, neno akamwachia mwenyewe. Ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa, na mbuzi mwenyewe alionekana kuufurahia muziki.

Hilo ndilo lililomkera zaidi. Mtoto hakuwa na dalili ya kuteseka.

"Siku ya kuja huku haamshwi," mama aliwahi kumwambia. "Anavaa viatu kabla ya chai."

Na siku ile baba alipokosa kuja na kikao kikaahirishwa, Kasuku alilia pale mapokezi, kimyakimya, mpaka kamasi zikamfika kidevuni. Mshauri alimfuta huku akijisemea: mtoto huyu ananipenda, sasa mbona hanisaidii?

"Mwambie mama yake," baba alisema, "sikio la kufa halisikii dawa. Tunapoteza muda hapa."

"Mwambie baba yake, anayemwona mtoto wangu ni wa kufa, mlango ule pale."

"Basi!"

Sauti ilimtoka mshauri kubwa kuliko alivyokusudia. Mshauri hapazi sauti, hilo hufundishwa mapema kabisa. Lakini asubuhi hiyo mkuu wa kliniki alikuwa amemwita ofisini. Watoto wanaongoja zamu ni wengi, alimwambia, na kama huyu Kasuku leo hana nafuu, apelekwe hospitali ya mbali, akalazwe na kuchunguzwa huko. Mshauri aliijua wodi hiyo. Aliwahi kumpeleka mtoto mwingine, na alipokwenda kumwona alimkuta ameugeukia ukuta, hataki hata maji. Hakutaka Kasuku afike pale.

"Baba, mama, naomba mtoke nje," alisema. "Wote wawili."

Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu waingie, kama wanafunzi waliofukuzwa darasani, wakainuka. Baba aliushika mlango mama apite. Mlango ulikuwa na kioo, na kule nje kulikuwa na benchi moja tu.

Mshauri alishuka akakaa sakafuni mbele ya sofa. Alikuwa na hasira: na wale wawili, na mkuu wake, na vikaragosi vile visivyofaa kitu. Zaidi ya yote alikuwa na hasira na nafsi yake.

"Mwanangu, mimi nimeshindwa," alisema. "Nakuomba neno moja tu. Sema hata 'sitaki'. Ukisema, haya yote yanaisha leo. Hutakuja tena huku, hutakaa tena hapo katikati ukisikiliza wakubwa wakigombana. Si ndivyo nilivyokuahidi?"

Ahadi hiyo alimpa kila wiki, kama mtu anayetoa peremende, na kila wiki Kasuku aliikataa.

Leo hata hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha mlango. Kule nje baba alikuwa akisimulia jambo kwa mikono. Mama alikuwa bado amenuna, amegeuza uso pembeni, lakini mabega yalikuwa yanamtetemeka. Alijikaza, alijikaza tena, kisha akashindwa akacheka.

Kasuku aliteremka kwenye sofa. Alimsogelea mshauri, akamzungushia sikio viganja vyake viwili, na sauti ikatoka safi, haikwami popote.

"Anti, usiwaambie kama naongea. Wataacha kuja."