Kamera ya Sebuleni

Bi Mwanakombo alimwita fundi Hemedi kwa sababu intaneti yake ilikuwa inajikokota kama kobe mwenye baridi yabisi. Hemedi akakaa mkekani, akafungua mipangilio ya ruta, kile kisanduku cha intaneti, kwenye kompyuta yake, akaguna.

"Shangazi, una wageni kushinda harusi! Watu wasiojulikana wanaigonga ruta yako mchana kutwa. Ulinzi wake unawazuia, ila kuna mpangilio mmoja hapa unaacha mlango wazi."

"Huo aliuweka mwanangu Badi," alisema Bi Mwanakombo. "Ili akiwa kazini huko ng'ambo, anione kwenye kamera."

Hemedi akaacha utani. Badi walimzika mwaka jana, na Hemedi mwenyewe alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

"Kuna mtu mwingine anapita hapo, shangazi. Simjui. Lazima nifunge."

Bi Mwanakombo akaitazama kamera juu ya kabati. "Kwa hiyo jioni nikimsemesha mwanangu, halafu ile ikageuka kuniangalia..."

"Si yeye, shangazi."

"Najua si yeye. Nilimzika nani, kama si yeye?" Akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Ukifunga, itageuka tena?"

"Haitageuka."

Bi Mwanakombo akavuta kiti, akakaa mbele ya kabati, akaiweka kanga yake vizuri kichwani.

"Basi ningoje kidogo, baba. Leo sijamwambia nimepika nini."

Kidole cha Hemedi kikabaki juu ya kitufe. Kwenye kabati, kamera ikaanza kugeuka, polepole.