Tundu la Kifuniko

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, kigari cha Zawena kilizimika katikati ya mlima. Alikiunda mwenyewe baada ya miguu yake kupooza: magurudumu manne ya kupitia njia mbovu, breki na mpini wa kuongeza mafuta, vyote vya mkono.

"Kabureta umesafisha, mpira wa petroli umebadilisha," alisema dada yake, Mwanaidi, akihema kwa kukisukuma. "Turudi nyumbani, mdogo wangu."

"Subiri, dada. Hebu nifungulie tangi."

Mwanaidi alipolegeza kifuniko, hewa iliingia kwa mluzi. Zawena akashtuka. Kumbe petroli ilikuwamo, ila haikushuka kwa sababu tangi halikupata hewa! Akakigeuza kifuniko, akaona kitundu chake kimezibwa na tope kavu. Akachomoa pini kwenye mtandio wake, akakizibua taratibu.

Injini ikawaka. Wakangoja. Haikuzima.

"Panda nyuma, dada."

Kileleni, bonde likajitandaza mbele yao, na njia nyembamba ikiteremkia upande ambao Zawena hakuwa ameufikia tangu augue. Akaachia breki.