Jina la Mama Farguni

Watu arobaini kwa siku walikuwa wakiingia katika nyumba ya Gachanja, na nyumba yenyewe haikuwa na hata kiti.

Nyumba ya intaneti, lakini, msishtuke. Gachanja alikuwa amenunua jina, farguninakuru.com, akaliegesha tu, kama mtu anavyoegesha pikapu mbele ya duka la mwenyewe. Ukilifungua huoni gauni wala bei. Unaona matangazo ya Wazungu: pete, keki, tiketi za ndege. Ukibonyeza moja, kampuni fulani ya ng'ambo inamwandikia Gachanja senti chache, na haimlipi mpaka afikishe dola mia. Mwaka mzima alikuwa amefikisha sitini na mbili.

Wala hakuwa akizitegemea senti hizo. Aliyemngoja ni Mama Farguni mwenyewe, yule Mhindi wa gauni za harusi. Kila bi harusi kutoka Free Area mpaka Gilgil hukodi shela kwake. Siku moja mama huyo angelitaka jina lake, na Gachanja angemwambia, "Elfu ishirini." Hapo angenunua kompyuta mbili kuukuu za Truphosa, mwenye saiba, kile kiduka cha intaneti ya kulipia, awe mtu na biashara yake. Akikosa, Jumatatu arudi Kariandusi kwenye machimbo, kula lile vumbi mpaka kope ziwe nyeupe pe. Fomani Kiptum alimwekea nafasi hadi siku hiyo tu. Jamani, Gachanja aliichukia kazi ile mpaka alikuwa akiiota.

Ijumaa asubuhi, Agosti ya 2007, harusi zikiwa zimepamba moto, mama akaja pale saiba, ambako Gachanja alimsaidia Truphosa kuhudumia wateja.

"Mama Farguni! Leo umetukumbuka!" muuza njugu akampigia kelele mlangoni. Mama akampungia mkono, akaingia, akamsimamia Gachanja kichwani.

"Wewe ndiye umekalia jina yangu?"

"Karibu, mama. Sijalikalia. Nimekutunzia."

Truphosa akaguna, akaendelea kupangusa skrini.

"Na watu wanaingia huko?"

"Arobaini kwa siku! Mwezi wa harusi kama huu, hata hamsini."

"Hamsini," mama akarudia polepole. Akatoa miwani mkobani. "Hebu nione."

Gachanja akaufungua ukurasa kwa maringo. Mama akainama, akafuata herufi moja moja kwa ukucha. Kisha akaangua kicheko. Alicheka mpaka bangili zikalia, na Truphosa naye akacheka bila kujua kinachochekwa.

"Kijana, mimi ni Falguni. L! L ya limau. Wewe umeandika R. Hii si jina yangu. Yangu iko, mtoto wangu Rohan alinunua zamani."

Akamwekea kadi ya duka mezani. L ilikuwa pale, nyekundu, imesimama wima.

Gachanja alishika kichwa. Tangu utoto wake alisikia watu wakisema "kwa Farguni," naye ngazi za duka lile hajawahi kuzipanda. Mwanamume asiye na mchumba atafuta nini kwenye shela?

"Lakini mama, R na L si ni kitu kimoja?"

"Kwa mdomo yako, ndiyo. Kwa kompyuta, hapana."

Siku ya nyani kufa, miti yote huteleza. Gachanja alihisi machozi yakimkaribia, na hakuona haya kusema. "Basi Jumatatu ni Kariandusi, mama. Nimekwisha."

Mama alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama, akarudi.

"Nakuonea huruma. Chukua elfu mbili, upate nauli na gambuti mpya za machimboni. Nipe hiyo jina mimi nitupe, isiendelee kukuaibisha."

"Elfu mbili tu?"

"Kwa jina ya mtu hayuko? Ni nyingi."

"Kidogo si haba," Truphosa akamnong'oneza. "Shika kabla hajabadilisha nia."

Gachanja akashika. Akamwandikia neno la siri kwenye kipande cha karatasi, akamshukuru mara mbili, akataka hata kumnunulia soda. Mama akaikataa soda. Ile karatasi hakuitia mkobani. Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye ncha ya sari, akapiga fundo, akalivuta kwa meno likakazika. Kisha akashika njia.

Noti zilikuwa bado mkononi mwa Gachanja msichana mmoja alipoingia, pete mpya ya uchumba ikimmetameta kidoleni.

"Sasa, boss. Nipatie mashine ya bob kumi. Nataka kuona bei ya gauni kabla nipande huko dukani, wasije wakanipunja."

"Kaa hiyo ya dirishani," Gachanja akasema bila kumtazama.

Msichana akakaa. Kibodi ilikuwa imefutika herufi, kwa hiyo aliandika kwa kidole kimoja, akizitaja kwa sauti moja baada ya nyingine.

"F... A..."

Gachanja akainua kichwa.

"R," akasema msichana, bila hata kusita.